Nani Hajagusa Mpira?

Kwenye mpira wa kikapu nilipewa namba moja, yaani pointi gadi, mtu wa kuuleta mpira mbele na kuwagawia wenzake, nikiwa na miaka 14, na sababu ilikuwa ufupi wangu. Mwalimu wa michezo alitupanga mstari kwenye kiwanja cha saruji kilichopasuka katikati, akaanza na warefu: "Ninyi chini ya ringi." Wa kati akawapeleka pembeni. Alipofika kwangu, mwisho kabisa wa mstari, akanikabidhi mpira. "Wewe mdogo utakuwa unatuletea." Usaili ukaishia hapo.

Misimu miwili nikawa naleta mpira, na katika misimu hiyo miwili sikumbuki usiku hata mmoja wa kuamkia mechi niliolala vizuri. Sheria inasema timu ikiupata mpira upande wake wa nyuma ina sekunde 8 za kuuvusha mstari wa kati. Kwa anayejua anachokifanya, sekunde 8 ni nyingi, unaweza hata kusimama ukavuta pumzi. Kwangu zilikuwa zinaisha kabla sijainua uso. Wapinzani walishanisoma. Wakifunga tu, wawili wananirukia, mmoja kushoto na mwingine kulia, nami najikunja juu ya mpira kama mtu aliyekumbatia mkoba wake ndani ya daladala la Mbagala saa 12 jioni. Nasikia wenzangu wanaliita jina langu, lakini simwoni hata mmoja. Mechi moja refa alinipulizia filimbi ya sekunde 8 mara tatu katika robo moja. Dada yangu alikuwa amesimama ukingoni na sare zake za shule. Nilipotolewa hakusema neno, alinipa maji tu.

Nikaitwa mwoga, na miaka mingi nikaamini hivyo. Baadaye akaja kocha mwingine, akaniondoa pale na kunipeleka kona. Akaniambia: kimbia, simama, mpira ukikufikia rusha. Nikarusha. Mpira ukawa unaingia. Kumbe macho yangu yanaliona ringi vizuri sana, ila hayawaoni watu wanne kwa wakati mmoja, na mtu wa namba hiyo anatakiwa awaone wanne wake na watano wa upande wa pili.

Wapo wanaodhani kumpangia mtoto namba ni jambo dogo ambalo litajirekebisha lenyewe akikua. Nimeona watoto wakiacha mchezo kwa sababu ya jambo hilo dogo. Mtoto hasemi "nimewekwa mahali pasiponifaa". Anasema "mimi mpira siujui", anakaa nyumbani.

Sasa ni miaka 16 nafundisha watoto hapa Dar es Salaam, wasichana kwa wavulana, kuanzia miaka 11 hadi 17. Tunakutana Jumanne, Alhamisi na Jumamosi asubuhi, kabla jua la saa nne halijaichemsha saruji. Haipiti Jumamosi bila mzazi kunivuta pembeni. "Kocha, huyu wangu ni pointi gadi." Nikimuuliza amejuaje, jibu ni lile lile: "Mpira anaujua. Humnyang'anyi."

Na kweli humnyang'anyi. Watoto wa siku hizi wanatazama video kwenye simu usiku, asubuhi wanaupitisha mpira katikati ya miguu, nyuma ya mgongo, wanabadilisha mkono mara tatu kabla hujapepesa macho. Siubezi ufundi huo hata kidogo. Mtoto aliyeupata mkono wa kushoto peke yake, uani kwao, bila mtu kumwelekeza, ni mtoto anayeupenda mchezo, na bila upendo huo sina cha kumfundisha. Ila ufundi wa kuudundisha mpira unaniambia habari za mtoto na mpira. Haujaniambia bado habari za mtoto na wenzake.

Hilo nalijua leo. Alipokuja kijana wa Tandika, nilikuwa silijui vya kutosha.

Alikuwa na miaka 13. Alikuja na mpira wake mwenyewe ndani ya mfuko wa plastiki, mpira uliochakaa hadi vile vipele vyake vyote vimefutika, laini kama embe. Nikamweka acheze na wakubwa wake. Akampita wa kwanza kwa kubadili mkono, wa pili akamsimamisha kwa kusita kidogo tu na bega, wa tatu akajikuta anamtazama mgongoni. Vijana waliokuwa wamekaa ukutani wakasimama. Siku ile ile nikampa namba moja. Mimi, niliyeteseka misimu miwili kwa mtu kunipima kwa jicho moja, nikampima mtoto wa watu kwa dakika kumi.

Mechi za mwanzo tulishinda, kwa hiyo sikuona kitu. Aliyenionyesha ni senta wetu, yule mtu mkubwa wa chini ya ringi, kijana mpole wa Kigamboni aliyekuwa akivuka na pantoni kila siku ya mazoezi. Msimu ulipoanza, tukiupata mpira tu, yeye alikuwa anachomoka mbio mpaka chini ya ringi la wapinzani, mkono juu, akiomba. Kufikia mechi ya saba nikamwona anatembea. Nikamfokea akimbie. Akakimbia mara mbili, akarudia kutembea. Baada ya mechi nikamwita.

"Mbona hukimbii, mwanangu?"

Akatazama viatu vyake. "Shikamoo kocha. Samahani." Akanyamaza kidogo. "Nikifika kule nafanya nini?"

Haikuwa jeuri. Alikuwa anauliza kweli, na anataka jibu.

Mechi iliyofuata nikamwachia msaidizi wangu kazi ya kuongoza timu, nikachukua daftari, nikakaa mwisho wa benchi. Robo nzima, dakika 10, sikuuangalia mpira. Nilimwangalia senta peke yake. Alikimbia hadi chini ya ringi mara tisa. Mara nne alikuwa peke yake, hana mtu. Mpira aliugusa mara moja, na hiyo mara moja ulikuwa umegonga ringi ukamwangukia. Muda wote huo kijana wangu wa Tandika alikuwa anampita mlinzi wake kwa uzuri ule ule wa siku ya kwanza, na kila alipompita alikuwa anatokea mahali ambapo wawili wengine walikuwa wanamsubiri. Watu wakashangilia ile chenga. Senta akageuka, akarudi nyuma kulinda. Mara ya kumi hakwenda.

Tangu siku hiyo nikitaka kujua kama timu ina namba moja wa kweli, namba moja mwenyewe simwangalii kwanza. Naangalia miguu ya mtu mkubwa. Mtu mkubwa anabeba kilo nyingi, kila mbio zinamgharimu, na hawezi kukimbilia jambo asiloliamini. Akiwa anakimbia bado robo ya nne, wakati jasho limemkauka na magoti yanamuuma, basi yupo mtu kwenye ile timu anayemwona. Tafuta huyo mtu ni nani. Mara nyingi utamkuta si yule aliyeletwa kwako kwa jina la pointi gadi.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa la upande mwingine, na hilo bado linaniuma.

Binti wa Ukonga alipofika kwangu alikuwa na miaka 13 na ameshanipita urefu kwa mbali. Hakuna aliyejiuliza acheze wapi. Sisi hapa tuna historia yetu. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies katika drafti, ule uchaguzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, Mtanzania wa kwanza kufika kule. Tulifurahi nchi nzima na tulikuwa na kila haki ya kufurahi. Lakini furaha ile ilitujengea mazoea: mtoto akiwa mrefu, mikono ya makocha inamsukuma chini ya ringi kabla hajataja jina lake. Nami nikamsukuma. Miaka miwili na nusu yule binti alicheza amelipa ringi mgongo, akigombea ribaundi, ile mipira inayokosa na kurudi, na kuwekewa viwiko.

Siku moja tulikuwa na mechi ya kirafiki kwenye viwanja vya Kidongo Chekundu. Usiku mvua ilinyesha, na mvua ikinyesha hapa kila mtu anajua: Jangwani kumejaa maji, mwendokasi umesimama, wa upande ule hawafiki. Namba moja wetu alikuwa wa upande ule. Nikauliza nani ataleta mpira. Wote wakatazama chini. Yule binti akasema, "Naomba mimi, mwalimu," kwa sauti ya mtu anayejitolea kuosha vyombo.

Udundaji wake ulikuwa mbaya, lazima niseme. Mpira ulikuwa unapanda karibu na kifua, rahisi kuibiwa. Ila niliona kitu kabla hajaupokea. Mpira ulikuwa bado mikononi mwa mwenzake nyuma ya mstari, na yeye akageuza shingo, bega la kushoto, kisha la kulia, haraka, kama anavyofanya mtu anayetaka kuvuka Barabara ya Morogoro. Ulipomfikia, alikwishajua. Hakuudunda hata mara moja, aliurusha mbele moja kwa moja kwa mwenzake wa pembeni, na ukamkuta tayari yuko kwenye mbio, kwenye mkono wa nje, ule ambao mlinzi haufikii. Nikadhani ni bahati. Akarudia. Mara ya tatu akamrushia mdogo wetu kuliko wote, mtoto anayeogopa mpira, pasi laini ya kifuani, karibu karibu, ya kumkabidhi zaidi kuliko kumrushia. Yule mdogo akafunga kikapu chake cha kwanza cha mwaka.

Wakati wa mapumziko nikamuuliza kwa nini alimsogelea vile. "Pasi ya kudunda inamponyoka, mwalimu. Na akiipata mbali anaogopa kurusha. Akiwa hapa," akaonyesha na mguu, hatua mbili kutoka kwenye ringi, "anarusha."

Miaka miwili na nusu mimi kocha sikuwa nimeliona hilo. Yeye, chini ya ringi, akiwa anapigwa viwiko, alikuwa anawahesabu wenzake mmoja mmoja: nani anapenda nini, nani anaogopa nini, nani hajaupata. Nilimhamisha wiki ile ile. Lakini alikuwa amebakiza miezi michache tu amalize kidato cha nne, kisha akaenda kusoma mkoani na huko hakucheza tena. Nilimpa nusu mwaka. Ningeweza kumpa mitatu. Nilijua vizuri kwamba Magic Johnson alikuwa na mita 2.06 na ndiye aliyekuwa akiiongozea Los Angeles Lakers mpira. Nilikuwa nimelijua jambo hilo tangu utoto, na halikunisaidia kumwona mtoto aliyesimama mbele yangu.

Nikiikumbuka ile drafti ya 2009 huwa nafikiria pia yaliyotokea baada ya jina la Thabeet kutajwa. Minnesota Timberwolves walikuwa na zamu mbili mfululizo, ya tano na ya sita, na zote mbili wakachagua pointi gadi: Ricky Rubio, kisha Jonny Flynn. Aliyefuata, wa saba, akaenda Golden State Warriors. Huyo ni Stephen Curry. Watu walikuwa wanasema ni mrushaji tu, mwili mdogo, hawezi kuwa namba moja wa kweli. Amekuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2015 na 2016, na ubingwa ameuchukua mara nne. Hao waliomwacha wana maskauti, wana video za kila mechi, wana fedha. Rubio naye alikuwa mpiga pasi wa hali ya juu na alicheza NBA miaka mingi, kwa hiyo haikuwa ujinga. Ni kwamba kipaji hiki hakikai mahali ambapo jicho linatua kwanza. Nikiwa na haraka ya kumpa mtoto jina, najikumbusha hilo.

Kwa hiyo siku hizi nina taratibu zangu.

Kwanza nauondoa ufundi wa kudunda. Wanne kwa wanne, hakuna kuudundisha mpira, ni pasi tu. Wale mafundi wa mpira wengi wao wanasimama kama wamenyang'anywa miguu. Wanaupokea, wanageuka huku na huku, wanapiga kelele "njoo! njoo!" Halafu yupo mmoja, mara nyingine humtarajii, ambaye akishatoa pasi anaondoka mahali alipo, anakwenda kusimama palipo wazi ili mwenye mpira apate njia. Huyo namwandika kwenye daftari. Simwambii.

Kisha, katikati ya mchezo wa kawaida, napiga filimbi, nauchukua mpira, nauweka kwapani, nauliza: "Nani hajagusa mpira?"

Wengi wanajibu papo hapo: "Mimi!" Hata aliyetoka kufunga anasema "Mimi!" Wengine wanatazamana. Mara chache sana mtoto ananyamaza kidogo, anatembeza macho kwa wenzake, anasema jina la mtu mwingine. Na jina ni sahihi. Nimelinganisha na daftari la msaidizi wangu mara nyingi, na mtoto wa namna hiyo anakosea kwa nadra. Mtu hawezi kuwa na hesabu hiyo kichwani kwa ajili ya kunifurahisha, kwa sababu mara ya kwanza hajui kwamba nitauliza. Alikuwa nayo kwa ajili yake.

Maswali mengine yanafuata. Matokeo ngapi? Wapinzani wana faulo ngapi robo hii? Hili lina uzito, kwa sababu kuanzia faulo ya tano ya timu tunapata mitupo huru miwili, na namba moja anayelijua hilo ataacha kurusha kwa mbali, atamtafuta mtu wa kuingia ndani. Mshale wa mpira, ule wa mezani unaoonyesha timu itakayopewa mpira ukigombewa tena, unaelekea upande gani? Wakati mwingine hata wachezaji wa ligi ya mkoa hawaujui mshale. Mtoto wa miaka 14 anayeujua, namkalisha karibu yangu kwenye benchi.

Pasi naziangalia zinapofikia, siangalii zinapotokea. Pasi nzuri kwa jicho la mtazamaji ni ile ya nyuma ya mgongo. Pasi nzuri kwa mpokeaji ni ile inayomruhusu kufanya jambo lake bila kurekebisha kitu. Yule senta wa Kigamboni, kwa mfano, ana mikono mizito chini ya magoti. Ukimpa mpira wa chini anainama, anaukamata, anainuka, na akishainuka walinzi wamefika. Ukimpa usawa wa uso, anafunga. Pasi mbili zote zimefika, zote mbili hazikuibiwa. Mmoja wa wapigaji anamjua mwenzake, na wa pili anajua kupiga pasi tu. Ndiyo maana kwa watoto sizitegemei hesabu za asisti. Asisti inahesabiwa pale mwenzako anapofunga, na watoto wanakosa sana. Nimewahi kuwa na binti aliyemaliza mechi na asisti moja, na nilihesabu pasi zake 14 zilizomwacha mtu peke yake chini ya ringi.

Kuhusu sauti, hapa nimejifunza kwenda taratibu. Namba moja lazima aseme: aite mchezo, amwelekeze mtu, atulize. Lakini wasichana wengi ninaowapokea wamelelewa kutopaza sauti mbele ya watu, hasa mbele ya mkubwa. Ukimpima binti kwa ukimya wake wa mwezi wa kwanza utamdhulumu. Nasubiri. Naangalia mikono, maana wanaanza na mikono: anamwonyesha mwenzake kwa kidole, anamgusa bega ampeleke upande. Sauti inakuja mwezi wa tano au wa sita, na ikija inakuja na majina ya watu. Wavulana wana tatizo jingine, wanapiga kelele tangu siku ya kwanza na kelele zote ni "leta!"

Na naangalia uso wake mpira ukipotea. Kila namba moja anaupoteza, ndiye anayeushika kuliko wote. Wapo wanaomgeukia mpokeaji na kunyoosha mikono, watu wote waone kosa ni la nani. Wapo wanaoinamisha kichwa na kubaki nyuma. Nampenda anayegeuka na kukimbia kulinda, akafika, na baadaye mchezo ukisimama ndipo anamsogelea mwenzake na kumwambia neno. Neno lenyewe sihitaji kulisikia.

Mkono wa kushoto nitamfundisha. Kubadili mwendo nitamfundisha, kwa viti na koni, miezi mitatu minne. Kushinda presi, kule kubanwa na watu wawili, kunafundishika kabisa, na ningefundishwa mimi nikiwa na miaka 14 nisingetia aibu timu yangu, ingawa bado nisingekuwa namba moja. Hata kuona kunakua, maana mtoto akicheza na wakubwa wake mtaani kwa miaka anajifunza kusoma miili. Lile la kujali nani hajaupata, hilo sijajua namna ya kulipanda. Nimejaribu. Linalonitia wasiwasi ni kwamba yawezekana wengine wanalo ila tumelizima kwa kuwapigia makofi kila wanapopiga chenga.

Kwa hiyo chini ya miaka 15 simpangii mtu namba. Kila mtoto analeta mpira, mrefu kwa mfupi, kwa zamu, hata kwenye mechi. Tunapoteza mechi kwa sababu hiyo. Wazazi wananilaumu, mmoja alimhamisha mwanawe kabisa. Namwelewa.

Kijana wa Tandika nilimtoa namba moja, nikampeleka pembeni. Alilia, si mbele yangu. Siku ya tatu mama yake akaja kiwanjani mchana wa jua kali, kanga begani, akasimama mbali mpaka nilipomaliza. "Mwalimu, mtoto halali." Nilihisi kifua kimebana, maana najua usiku wa namna hiyo. Nikamkalisha kwenye kivuli, nikamweleza yote, habari za senta na daftari langu. Nikamwambia sijamfukuza, nimempunguzia mzigo, na kama nimekosea nitakuwa wa kwanza kusema. Akasikiliza. Akasema, "Sawa, mwalimu. Lakini umwambie wewe mwenyewe, kama ulivyoniambia mimi." Alikuwa na haki. Nilikuwa nimemhamisha bila maelezo, nilivyohamishwa mimi na kila kocha niliyepita mikononi mwake. Jioni ile nilimwambia mtoto mwenyewe, nikamwonyesha zile alama tisa kwenye daftari. Alizitazama muda mrefu. Aliuliza kama anaweza kulibeba lile daftari nyumbani. Nikampa.

Huo ulikuwa mwaka mmoja na miezi kadhaa uliopita. Mwezi jana tulikuwa na mechi ngumu, tumeachwa pointi sita, robo ya tatu inaelekea ukingoni. Nikaomba taimauti. Watoto wakaketi, wanahema, maji yanapita mkono kwa mkono. Sikuuliza swali langu, nilikuwa nachora ulinzi kwenye ubao mdogo. Kijana wa Tandika akainama kati ya vichwa vya wenzake, akasema taratibu, "Kocha, Kigamboni hajagusa mpira tangu robo ianze."

Mkono wangu ukasita juu ya ubao. Nikamtazama. Swali hilo amelisikia mara mia, kwa hiyo huenda amejifunza jibu tu. Au huenda alianza kuona kule pembeni, alikokaa bila mpira kwa mara ya kwanza maishani mwake. Sikuweza kujua kwa kumtazama usoni. Nikamwambia, "Leta wewe."

Filimbi ikalia. Wakaurudisha mpira mchezoni, akaupokea, akaanza kuuvusha, mlinzi amemkaribia. Mtu mmoja jukwaani alikwishaanza kupiga kelele akitegemea chenga. Sikumwangalia. Nilikuwa nimegeukia upande wa pili wa kiwanja, natazama miguu ya senta.